Mabamia ya kipupwe, na kofia iliyofika sentimita 9

Mabamia hayana subira. Ua likidondoka, siku nne au tano baadaye tunda lina urefu wa kidole cha kati na linafaa mchuzi. Lizidishe siku mbili, limeshakuwa usumba. Kipimo ni ncha: ivunje. Ikikatika kwa mlio, la kupika hilo. Ikipinda, limepita, lakini lichume hivyo hivyo hata kama ni la kutupa, kwa sababu mbamia uliobeba matunda makavu hupunguza maua. Tumia kisu, ukivuta kwa mkono unachuna ganda la shina.

Bilingani linasubiri kidogo. Angalia mng'ao tu. Ngozi ikififia, mbegu ndani zimeshakuwa za kahawia na nyama ina uchungu, na hapo hata nazi haikusaidii.

Wanaokaa maweni, kwenye ardhi ya mawe yenye udongo haba, nao wana njia: ndoo ya lita 20 inatosha mbilingani mmoja. Toboa matundu matano chini, tandika makumbi yaliyolowekwa usiku kucha, kisha tia udongo wa kinongo, ule tifutifu wa kulimia, vipimo viwili kwa kimoja cha samadi iliyokwisha kuoza. Samadi mbichi huunguza mizizi. Ncha za majani zikikauka, na maji yako ni ya kisima cha pwani, shuku chumvi. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, ndiyo yanayoisukuma nje. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni kunairundika juu.

Pilipili mbuzi nazo zimo pakachani, na hapa ndipo bustani inapogombana na ufumaji. Ukali wake hautoki kwa maji matupu. Sugua mikono kwa mafuta ya nazi, kisha sabuni mara mbili, ndipo ushike uzi, maana kilicho kwenye sindano ni kofia ya mtoto mchanga.

Uzi ni wa pamba; sufu kwa joto letu inamuwasha mtoto. Ila pamba haivutiki sana, basi ukingo ufumwe kwa sindano za milimita 3.5 na mwili kwa za milimita 4, la sivyo kofia inaning'inia masikioni. Anza na vitanzi 74: 72 vya kofia, viwili vya kushonea ubavu. Ukingo ni sentimita 3, vitanzi viwili vya kufuma kwa mbele, viwili kwa nyuma, kwa zamu. Mwili unakwenda wazi, yaani mstari mmoja wote mbele na wa kurudi wote nyuma, mpaka sentimita 12 kutoka chini. Halafu punguza: fuma sita, unganisha viwili (vifume pamoja viwe kimoja), mara tisa, mstari wa kurudi usipunguze kitu, unaofuata fuma tano, unganisha viwili, hivyo hivyo mpaka vibaki tisa na vile viwili vya pembeni. Pitisha uzi ndani yao, kaza.

Ukihesabu ukakuta 76, kosa liko mwanzo wa mstari. Uzi ukivutwa juu ya sindano, kitanzi cha kwanza kinanyanyuka na kuonekana viwili, nawe unavifuma vyote. Kabla ya kuanza mstari shusha uzi chini ya sindano. Ziada usiifiche kwa kuunganisha. Ubavu utatoka tumbo. Fumua.

Zimebaki sentimita 3 kabla ya kupunguza, lakini kesho asubuhi ni zamu ya mabamia.