Ahadi niliyomsomea mama

Jumamosi iliyopita mama alisema "haya", akaomba kisu kingine, na tangu hapo moyo wangu haujatulia. Wiki hii barua ya uhamisho wa Mhandisi, mchumba wangu, kwenda Songea imetoka, kamati ya harusi imeketi na kupitisha bajeti, na upepo umeezua paa la bweni la wasichana hapa shuleni, nalo limekwisha kurudishwa. Kwa kawaida lolote kati ya hayo lingenitosha kuandika. Lakini kila nikikaa kimya ninachokisikia ni ile "haya" ya jikoni Machame.

Nilikuwa ninamsomea rasimu ya ahadi nitakazomsomea Mhandisi siku ya harusi. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi za mtori, nami nimesimama mlangoni na daftari mkononi. Sentensi ya kwanza aliipokea kwa kutikisa kichwa, na ya pili vilevile. Ya tatu ilisema: "Kuanzia leo utakuwa wa kwanza kwangu kabla ya mtu yeyote aliye hai." Hapo mkono wake ukasimama.

"Yeyote?" aliuliza.

"Yeyote, mama."

"Haya." Kisha, bila kuinua macho: "Hebu nipe kile kisu kingine, hiki hakikati."

Ni hayo tu. Nilimpa kisu, nikamalizia kusoma, akasema nimeandika vizuri, tukahamia kwenye habari za ng'ombe. Tangu siku ile nimeyarudia maneno hayo nikiwa ndani ya basi la kurudi Same, nikiwa darasani na Kidato cha Tatu, na usiku taa zikiwa zimezimwa. Nimejaribu kuisikia ile "haya" kama ridhaa, jinsi anavyoisema ninapomwambia kwamba nitachelewa kupiga simu. Nimejaribu kuisikia kama uchovu, maana alikuwa ameamka alfajiri kukata majani ya mifugo. Lakini kisu kile nilikijaribu jioni wakati wa kuosha vyombo, na kilikuwa kinakata vizuri.

Kinachonitatiza ni kwamba mambo makubwa kuliko sentensi moja ameyapokea bila kusita. Wasomaji wa siku nyingi wanakumbuka jinsi nilivyoogopa kumwambia kwamba ndoa itafungwa Kibosho. Sisi ni Walutheri wa Machame, ambako wamisionari Walutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika mwaka 1893, na mwaka huohuo mapadre Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Kibosho. Ni majirani wa mlima mmoja, wenye migomba ileile, lakini bibi zetu walikua wakiambiwa kwamba upande wa pili si kwao. Ndoa mseto inahitaji kibali cha askofu, na katika kukiomba Mhandisi alipaswa kuahidi kwamba atailinda imani yake na kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, nami nifahamishwe wazi kwamba ameahidi hivyo. Nilimweleza mama jambo hilo lote nikitetemeka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alimradi wabatizwe, mwanangu," akaniongezea chai. Ahadi inayowagusa wajukuu wake ambao hawajazaliwa haikumsumbua. Neno moja ndilo lililomgusa.

Labda nieleze kwa nini kulikuwa na ahadi za kuandika. Katika mafundisho ya ndoa Padre alitufafanulia kwa upole kwamba maneno ya altareni hatuyatungi sisi. Kwanza tutaulizwa kama tumekuja kwa hiari bila kushurutishwa, kama tutapendana na kuheshimiana maisha yetu yote, na kama tuko tayari kuwapokea watoto kwa upendo kutoka kwa Mungu. Kisha tutashikana mikono ya kuume na kila mmoja atampokea mwenzake, akiahidi uaminifu katika taabu na raha, katika magonjwa na afya, na upendo na heshima siku zote za maisha yake. Tuliloachiwa kuchagua ni namna ya kusema: ama tuyatamke wenyewe, ama padre aulize nasi tujibu kwamba tunakubali. Alisema wengi wanaoogopa umati huchagua kuulizwa. Sisi tumechagua kuyatamka, na Mhandisi hujifunza kwa sauti akiwa njiani kwenda kukagua matangi ya maji.

Nilimwuliza Padre sababu ya ukali huo. Akanifungulia Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1057, inayosema kwamba ndoa hufanywa na ukubaliano wa hao wawili, ambao hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuutoa kwa niaba yao. Si padre anayetuoza, ni sisi tunaooana, na yeye anaupokea ukubaliano wetu kwa jina la Kanisa. Ndiyo maana maneno yake lazima yawe wazi, yasimpe mtu nafasi ya kusema baadaye kwamba alimaanisha kitu kingine. Jambo hilo liliniingia sana. Nilikwenda nikidhani nitanyimwa kitu, nikatoka nikiona kwamba nimekabidhiwa kitu kizito kuliko chochote ambacho ningekitunga. Hata upande wetu maneno hayakuwahi kuwa mengi. Kijitabu cha Luther cha kufungisha ndoa, cha mwaka 1529, kinaanza kwa kusema kwamba kila nchi ina desturi yake, halafu kinawauliza bwana na bibi, kila mmoja kwa jina, kama anamtaka huyu awe mwenzi wake wa ndoa. Wanajibu ndiyo, wanavishwa pete, basi. Aliyeandika hayo alikuwa amemwoa Katharina von Bora mwaka 1525, kwa hiyo alijua nyumba ina mambo gani.

Shangazi wa Muheza, aliyeolewa katika Kanisa Anglikana, anataka niongeze mahali fulani kwamba nitamtii mume wangu. Kitabu cha sala cha Waingereza kilimtaka bibi harusi aahidi kutii tangu mwaka 1549, wakati bwana harusi hakuahidi hivyo, na kwa miaka mingi jambo hilo lilionekana la kawaida. Nampenda shangazi na ndoa yake naiheshimu, lakini sitaahidi. Katika maneno ya Kibosho mume na mke wanaahidi mambo yaleyale, na usawa huo naupenda kwa moyo wote.

Basi tulikubaliana kwamba kanisani tutasema ya Kanisa, na ukumbini, kabla ndafu haijaletwa, kila mmoja atamsomea mwenzake ahadi chache alizoziandika mwenyewe. Huko ndiko ilikotoka sentensi ya tatu. Niliiandika nikiwa ninaimaanisha, na bado ninaimaanisha. Nimeona ndoa za wenzangu zikichoka kwa sababu kila ugomvi wa chumbani ulipelekwa kwa wazazi kabla haujalala usiku mmoja, na Kitabu cha Mwanzo, sura ya pili, kinasema waziwazi kwamba mtu atamwacha baba yake na mama yake na kuambatana na mkewe. Nilitaka Mhandisi alisikie hilo kutoka kinywani mwangu mbele ya ndugu zake na zangu.

Lakini mama alilisikia kutoka kwenye kigoda. Baba tumemzika. Kaka zangu wana miji yao. Niliposema "mtu yeyote aliye hai", katika jiko lile aliye hai alikuwa yeye peke yake, mwanamke aliyeuza ng'ombe wa maziwa ili nimalize chuo na hajawahi kunikumbusha. Nadhani hakukasirika. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pake katika sentensi ile na hakupaona, akaomba kisu ili apate kitu cha kufanya na mikono yake.

Nilikuwa nimefika hapo, na moyo mzito, mpaka Jumatano usiku, Mhandisi aliponitumia rasimu yake. Nilidhani ataandika mashairi, kwa kuwa hupenda kunishangaza. Badala yake aliandika mambo ya kutenda. Atanionyesha mshahara wake kila mwezi. Hatanificha deni, hata lile la kumsaidia ndugu. Nikiugua, hatamwita dada wa kazi kabla hajaamka mwenyewe. Tukikosana hatatoka nje ya nyumba bila kusema anakwenda wapi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na nikahisi furaha ambayo sijui niieleze vipi, kwa sababu kila mstari ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiona kama kimefanyika au hakikufanyika.

Kesho yake jioni mama alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake katikati ya wiki.

"Ile ahadi yako umeimaliza?"

"Bado, mama. Kuna sentensi nataka kuitoa."

"Ile ya yeyote?"

Nilinyamaza.

"Usiitoe. Mume asipokuwa wa kwanza, utakuja kulia kwangu, na mimi sitakuwa na la kukusaidia." Akakohoa kidogo. "Mimi na baba yako hatukuandika kitu. Mchungaji aliuliza, tukasema ndiyo, na hiyo ndiyo ilinitosha hata zile wiki za hospitali. Ila hiyo yako mwambie mkiwa wawili. Ukiisema ukumbini tutaisikia mimi na mama yake, na wote wawili tutakuwa tumevaa vizuri."

Halafu akacheka, kicheko chake chenyewe kabisa, nami nikacheka huku machozi yananitoka, mpaka matroni akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

Tangu simu hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya wasikilizaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na inataka mashahidi wasiopungua wawili. Kanisa nalo linataka mhudumu wake na mashahidi wawili, na matangazo yetu yatasomwa Kibosho ili mwenye kizuizi ajitokeze. Nilikuwa nikiyachukua hayo yote kama taratibu za karatasi. Sasa ninayaona kwa namna nyingine: maneno ya altareni yamechaguliwa ili watu waweze kutushikia. Shahidi anaweza kuja kuniuliza miaka ijayo kama nilimuuguza mume wangu, kama nilikuwa mwaminifu, kama nilimheshimu mbele ya watoto. Hakuna shahidi awezaye kuja kupima nani ni wa kwanza moyoni mwangu. Jambo hilo analijua Mhandisi na ninalijua mimi, na kumtamkia kila mtu ukumbini hakulitii nguvu zaidi, ila kunampa kila anayenipenda kazi ya kujihesabu yuko wa ngapi.

Kwa hiyo sentensi ya tatu haijafutwa. Imehamishwa. Nitamwambia Mhandisi usiku wa siku ileile, tukiwa wawili kama mama alivyosema, kwa maneno yaleyale bila kupunguza hata moja. Mahali pake katika daftari nimeandika nyingine: "Popote tutakapopangiwa kazi, mama yako atakuwa na chumba kwetu na hataulizwa anaondoka lini, nawe unipokelee wangu hivyohivyo." Nimempigia Mhandisi nikamsomea. Alikaa kimya kidogo, akasema ataongeza mstari wa kuijibu, na kwamba katika nyumba ya Songea tutaanza kutafuta yenye vyumba vitatu hata kama kodi yake itatubana. Mama bado sijamsomea. Nataka aisikie siku yenyewe, akiwa amevaa vizuri, na safari hii akijitafuta ajikute.

Ningependa kumalizia hapo, ila kuna jambo linalonikosesha raha usiku huu. Yule binti wa Kidato cha Nne, ambaye wengi wenu mlichangia ada yake mwaka jana, hajaonekana darasani tangu Jumanne. Fomu yake ya mtihani wa taifa wa Novemba imekamilika, alama zake za majaribio zilikuwa nzuri kuliko za mwaka uliopita, na hakuaga mtu. Simu ya baba yake haipatikani. Mwenzake wa dawati anasema alisikia habari za kupelekwa kwa mjomba huko Simanjiro, lakini hana uhakika, na aliposema hivyo hakunitazama. Mwalimu mkuu ameniruhusu nisiingie vipindi vya asubuhi. Nitachukua pikipiki mapema niende mpaka kwao, na nikikuta nyumba imefungwa nitapitia kwa mtendaji wa kijiji kabla jua halijawa kali.