Nimejivuta kwenye bomba na ndevu hazijaota

Nianze na hofu yenyewe, maana nimeambiwa na kila mtu, kuanzia mawifi zangu mpaka kijana anayeniuzia mkaa: mwanamke akipiga vyuma anageuka baunsa. Haya. Nina miaka arobaini na ushee, nimezaa watatu, na sasa naning'inia kwenye bomba nyuma ya nyumba na kujivuta mpaka kidevu kipite juu, mara nne nikiwa nimelala vizuri, mara mbili siku niliyoteseka kwenye foleni ya Mbagala. Ndevu hazijaota. Sauti ni ileile inayowaamsha watoto saa kumi na moja alfajiri. Miili ya mabaunsa hujengwa kwa miaka ya kula na kunyanyua kwa makusudi, tena ikisaidiwa na homoni ya testosteroni ambayo wanaume wanatupita nayo mbali sana. Kudhani mwili wa namna hiyo utanijia kwa bahati mbaya, huku nikikaanga vitumbua, ni kunisifu kupita kiasi.

Nilianzia jimu kama watu wengine. Ada ya mwezi ilikuwa kama elfu hamsini, ukijumlisha nauli na maji ya kunywa inakaribia elfu themanini. Kocha alikuwa kijana mwenye heshima zake, "shikamoo mama" nyingi, lakini akishamaliza kuamkia ananipeleka kule kona ya wanawake, ambako kuna mikeka, redio na vyuma vya kilo mbili vya rangi ya waridi. Nikamwambia nataka kunyanyua vitu vizito. Akacheka. "Mama, wewe piga tumbo tu, hicho kitambi kitayeyuka." Akanifunga nailoni kiunoni, ile ngumu ya kufungia vitu dukani, na kunilaza kwenye mkeka niinuke na kulala, niinuke na kulala, mpaka dari nikaijua kila ufa.

Nailoni ile ndiyo iliyonipandisha hasira. Nikiivua, jasho linamwagika mpaka kwenye viatu, napanda mizani, kilo moja na nusu imeondoka! Wenzangu wananipongeza. Nafika nyumbani, nakunywa maji, nakula ugali wangu, asubuhi kilo zote zimerudi kazini. Ni maji yale, hakuna kilichoyeyuka. Na tumbo huwezi kulipunguza kwa kulichosha lenyewe. Mwili ukianza kutumia mafuta unachota unakotaka wenyewe, na wangu ulianza na mashavu, mume wangu akauliza kama naumwa.

Nilichokuwa nakitaka mimi ni nguvu. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukijumlisha na chuma chake, unakaribia kilo 30, na kila ukiisha ilibidi nimsubiri mtu mwenye mikono. Ndoo ya maji kuiinua hadi kwenye pipa, kiuno kinalia siku mbili. Halafu nikimtazama mama yangu anavyonyanyuka kwenye kigoda, anashika ukuta, anashika mlango, anamshika mjukuu, naona mbele kunakoelekea. Misuli inaanza kupungua kimyakimya tangu miaka ya thelathini kama huitumi kazi. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linataja dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, na hapo watu hufunga kitabu. Mstari unaofuata unasema mazoezi ya kukaza misuli angalau siku mbili kwa wiki. Huo hakuna aliyewahi kunisomea.

Basi nikahama jimu, nikaamua kujitengenezea vyangu uani. Hapa ndipo ilipo hadithi.

Kijana wangu wa kwanza, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hana la kufanya, alisema vyuma vya zege ni kazi ya dakika ishirini, amewaona vijana wa Tandika wanavyo. Jirani alikuwa anapiga plasta ukuta wake, akatuachia mchanganyiko uliobaki kwenye karai. Tukakata ndoo mbili kuukuu tupate vikombe vya kumwagia, tukasimamisha bomba katikati, tukajaza, tukageuza tukajaza upande wa pili. Likakaa juani siku mbili tatu, jua la Januari, na kwa macho lilipendeza kweli, chuma cha duka kabisa. Mtoto akaniambia, "Mama, zindua." Nikashika, nikakaza kiuno, nikaliinua hadi magotini, na gurudumu la kulia likaachia, likapasuka vipande vitatu. Kwa kuwa upande wa kushoto bado ulikuwa mzima na mzito, bomba likapinduka, likanizungusha nusu duara, likaenda kubomoa banda la kuku. Kuku walirudi kulala humo baada ya kubembelezwa. Mume wangu alitoka na taulo, akatazama, akarudi kuoga.

Fundi wa jirani ndiye aliyetuelekeza, akicheka mpaka anashika ukuta alioujenga. Ile ilikuwa plasta, saruji na mchanga mtupu. Zege linataka kokoto, kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto. Na haliachwi juani likauke, linamwagiliwa na kufunikwa gunia bichi, maana linakaza kwa maji, na nguvu yake linaendelea kuitafuta hadi kama siku 28. Tukarudia kwa adabu. Safari hii yakatoka magurudumu imara, yana tundu katikati la kupitishia bomba, ila tulijaza kwa macho na kila nikinyanyua naenda upande. Nikayapakia kwenye toroli hadi kwa mnunuzi wa chuma chakavu, mwenye ile mizani ya kuning'iniza. Akayapima kwa makini, akaandika kwenye kidaftari, kisha akaligonga moja kwa nyundo. "Mama, hii siyo chuma, sinunui." Nikamwambia siuzi, nataka uzito tu. Alinitazama kwa huruma. Moja lilikuwa kilo 9, jingine 11 na nusu.

Wakati magurudumu yananipa tabu, jibu lilikuwa limejaa uani: madumu ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, huhitaji mizani ya mtu. Kule jimu vyuma vilikuwa vinaruka kutoka kilo tano hadi kumi, yaani unaambiwa ukizidishe mara mbili kwa usiku mmoja, na ukishindwa wanasema hujitumi. Kwa dumu nilianza na lita nane kila mkono, nikawa naongeza chupa ya nusu lita kila zoezi lilipoanza kuwa jepesi. Nusu kilo mwili hauistukii. Natembea nayo kutoka kisimani hadi getini na kurudi, nachuchumaa nayo nikiwa nimelikumbatia moja kifuani, naliinua kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka. Majirani walidhani nateka maji ya biashara, na mmoja alinipa oda.

Mambo mawili kuhusu madumu. Lisilojaa linacheza, maji yanakimbilia upande mmoja na kukuvuta kifundo cha mkono, kwa hiyo anza taratibu kwenye kona. Na ule mshikio wa plastiki unakata vidole. Zungushia kipande cha kanga kuukuu, siyo kitenge, kitenge kinateleza. Madumu yakishajaa maji na bado unaona mepesi, weka mchanga mkavu. Dumu la lita 20 la mchanga linapita kilo 30, na hapo ndipo mtungi wa gesi ulipoacha kunitisha.

Kujivuta ilikuwa habari nyingine. Mnara wa tenki letu la maji ni wa chuma, nikamwita fundi wa kuchomelea aongeze bomba moja la mviringo, maana pembe za ule mnara zinachana viganja. Alidai elfu kumi na tano na soda. Siku ya kwanza nilining'inia tu, nikahesabu nne, nikaanguka. Kocha wa zamani nilipokutana naye sokoni aliniambia wanawake mikono yao haikuumbwa kwa kujivuta, nikapige tumbo. Tena tumbo!

Kwa fundi baiskeli na wale wa bodaboda kuna tyubu kuukuu zinatupwa kila siku, ukiomba vizuri unapewa bure, ukijifanya wa mjini unalipa buku. Tyubu ya pikipiki unaipitisha kwenye bomba, unaingiza ncha yake ndani yake yenyewe ikaze, halafu unaweka goti kwenye kitanzi. Mpira unakubeba sehemu ya uzito, wewe unamalizia. Ukishazoea unahamia tyubu ya baiskeli ambayo ni nyembamba na msaada wake mdogo, kisha unaitupa. Goti nasema, siyo unyayo, hasa ukiwa umevaa ndala. Mimi ndala iliponiponyoka tyubu ilinichapa paja kwa mlio uliomfanya mama mkwe aulize nani kapigwa.

Ila kilichonifikisha hasa ni kushuka. Misuli ina nguvu zaidi ya kuteremsha mzigo kuliko ya kuupandisha, kwa hiyo unapanda kiti, unaanzia juu kidevu kikiwa kimepita bomba, unaachia kiti na kushuka polepole uwezavyo. Kuhesabu namba nilikuwa nadanganya, nazikimbiza. Nikaanza kutaja miezi kwa sauti, kila mwezi kwa pumzi yake. Mwanzoni nilitamka Januari, Februari, na Machi imenikuta chini. Ikasogea hadi Juni, nikakaa hapo muda mrefu mpaka nikakereka, ndipo nilipopumzika wiki nzima kwa sababu ya msiba. Niliporudi nikafika Septemba. Kumbe mwili hukaza ukipumzika, nami nilikuwa sijaupa nafasi. Siku niliyoshuka hadi Desemba, nilipogeuka na kujaribu kupanda bila kiti, nilipanda. Nilipiga kelele, watoto wakatoka, hakuna aliyeniona, ikabidi nirudie na nikashindwa. Walinisadiki keshoye.

Chakula sikubadilisha sana. Wa jimu walitaka ninunue kopo la unga wa protini kwa bei ya karo. Yai moja lina gramu kama sita za protini, dagaa na maharage yapo, nikaongeza hayo na kupunguza chapati za usiku, ingawa Ramadhani siahidi kitu. Maumivu ya misuli yanayokuja siku ya pili ni ya kawaida, yanaondoka. Yanayochoma kwenye kiungo wakati huohuo unanyanyua, hayo acha hapohapo. Mwenye presha au mjamzito aongee na daktari kwanza, asinisikilize mimi wala mwenye nailoni. Na tyubu ikague kila wiki, jua linaila, ukiona nyufa ndogondogo ikate uifanyie kamba ya kufungia mbuzi.

Yale magurudumu ya zege bado yapo. Dogo linazuia geti lisipigwe na upepo. Kubwa kijana wangu analibeba kila jioni wenzake wakipita, amelipaka rangi nyeusi na kuandika kilo 20 kwa chaki. Ni 11 na nusu, nililipima mwenyewe.