Mashine ya Kukata Majani kwa Hela Ndogo: Huku Ohio na Kule Raskazone

Ukifika Marekani ukapanga fleti, majani hayakuhusu. Ukinunua nyumba yenye uwanja, yanakuwa yako. Miji mingi huku ina sheria ya urefu wa majani, mara nyingi inchi 8 hadi 12, na ukizidisha unaletewa notisi. Usipoitii wanatuma watu wao wakate, kisha bili inakuja kwako. Ndiyo maana kila inapofika Aprili Watanzania wenzangu walionunua nyumba karibuni huniuliza: nichukue mashine ipi, na hela yenyewe ndiyo hii? Mwaka huu swali limetoka Tanga pia, kwa mjomba wangu wa Raskazone, nikaona bora niandike yote mahali pamoja.

Mjomba ana kiwanja kinachoteremka kuelekea baharini. Ukoka umeshika vizuri. Masika ikikolea, kijana anayemsaidia akimaliza kufyeka upande wa chini, upande wa juu umeshaota tena. Akanipigia.

"Mwanangu, huyu kijana mgongo utamkatika. Wewe huko unakata na nini?"

"Shikamoo mjomba. Mashine. Inatembea yenyewe, mtu kazi yake kuifuata na kuiongoza."

"Marahaba. Na ikiharibika, spea nitazipata wapi?"

Swali hilo ndilo ningependa kila mnunuzi aanze nalo, awe Columbus ya huku Ohio au awe Chumbageni ya Tanga. Wengi wanaanza na rangi, upana na nguvu ya injini.

Nianze na mwendo wa mashine, maana watu wengi wanakosea hapo. Kati ya zinazojiendesha, za bei ya chini kabisa mara nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Kwenye uwanja tambarare wenye miti mingi zinafaa sana: ukikandamiza mpini, mbele inanyanyuka, mvuto unakatika, unageuka bila shida. Tabu ni kwamba mfuko wa majani uko nyuma. Ukijaa, uzito unahamia nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, na ukipandisha mlima magurudumu yanazunguka bure, wewe ndiye unabaki kusukuma. Zinazovutwa na magurudumu ya nyuma ni kinyume chake: mfuko ukijaa ndiyo kwanza zinakamata ardhi. Zipo pia za magurudumu yote manne. Ni nzuri, lakini ni nzito, ni ghali, na vitu vya kuharibika vimeongezeka. Mwenye hela ndogo na kiwanja cha mteremko achukue ya nyuma. Hapo sina mjadala na mtu.

Halafu spidi. Zipo zenye spidi moja tu, ukiishika inaondoka, uwe umechoka au hujachoka. Zipo zenye wenzo wa kupandisha na kushusha. Toro wana mfumo wao wanaouita Personal Pace: ukiusukuma mpini mbele kidogo mashine inaongeza mwendo, ukilegeza inapunguza. Kwa mtu mzima, au kwa kijana ambaye hajawahi kushika mashine, napendelea huu, kwa sababu mashine inafuata miguu ya mtu.

Upana wa kawaida huku ni inchi 21 au 22, yaani sentimita 53 hadi 56. Usihangaike nao.

Sasa injini. Utakutana sana na majina mawili, Honda na Briggs & Stratton. Usitafute nguvu za farasi kwenye kibandiko. Palikuwa na kesi huku kuhusu namba za nguvu zilizokuwa zikiandikwa kwenye mashine hizi, ikamalizwa kwa maridhiano mwaka 2010, na siku hizi utaona cc, yaani ukubwa wa silinda, au torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Kwenye Briggs jina lenyewe linakueleza: 675EXi maana yake torki ya futi-pauni 6.75, na 725EXi ni 7.25. Zote mbili ni cc 163. Kwa uwanja wa nyumba ya kawaida 675 inatosha kabisa, na hela ya kupanda hadi 725 ni afadhali uiweke kwenye magurudumu ya nyuma. Honda wana GCV160 kwenye mashine za zamani, na GCV170 ya cc 166 na GCV200 ya cc 201 kwenye mpya. Honda wenyewe waliacha kutengeneza mashine za petroli za kukatia majani hapa Marekani mwaka 2023, lakini injini zao bado utazikuta zimefungwa kwenye mashine za kampuni nyingine, na spea zake huku zipo tele.

Ukiniuliza injini ya kwangu hapa Ohio, nitakwambia GCV ya Honda. Ni tulivu, inawaka kwa kuvuta mara moja, na duka la spea liko karibu. Lakini kwa Raskazone nimechagua Briggs, na sababu nimeipata Ngamiani, hapo hapo Tanga mjini.

Nilipokuwa likizo nyumbani nilikaa kwa fundi mmoja anayetengeneza pampu za maji na jenereta. Mbele yake palikuwa na bakuli la petroli lenye kabureta zimelowekwa, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Akatoa moja, akaikung'uta, akachomoa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, akauingiza taratibu kwenye jeti, yaani kitundu chembamba cha kupitishia petroli, hadi ukatokea upande wa pili, akakiangalia kitundu dhidi ya mwanga wa mlango. Anatumia shaba kwa sababu ni laini, haipanui kitundu. Mtu wa namna hiyo haogopi mashine. Karibu kila pampu pale ilikuwa na injini ya Honda GX160 au nakala yake ya Kichina, na hizo anazijua usiku na mchana: anafungua kifuniko, anapima valvu, anavua kichwa cha silinda, anabadili gasketi, anafunga.

Injini ya mashine ya majani ina tofauti moja kubwa na ya pampu. Shafti ya pampu imelala, shafti ya mashine ya majani imesimama ili ishike kisu chini. Kwa hiyo usidhani utatoa injini ya pampu uifunge pale. Lakini ukitazama juu, Briggs ya cc 163 imepangwa karibu sawa na GX ya pampu: valvu zinasukumwa kwa vijiti, kichwa kimefungwa kwa bolti, kinavulika. GCV160 haiko hivyo. Silinda na kichwa vimetengenezwa kipande kimoja, na valvu zinaendeshwa na mkanda uliomo ndani kwenye oili. Ni uhandisi mzuri, ila fundi wa Ngamiani hawezi kuvua kichwa ambacho hakivuliki, na mkanda ule hauuzwi Barabara ya Nane. Nilimuonyesha picha za zote mbili kwenye simu. Akaweka kidole kwenye Briggs, akasema, "Hii niletee."

Kwa haki niseme upande wa Honda pia: plagi ya cheche ya GCV160 ni BPR6ES, ile ile ya GX160, kwa hiyo plagi haitakusumbua Tanga.

Briggs hizi za EXi zinatangazwa kwamba oili haibadilishwi, unapima na kuongeza tu. Mimi simshauri mtu afuate hilo. Oili yenyewe haifiki hata lita moja, na SAE 30 inafaa vizuri kwa joto la pwani. Badilisha kila mwaka, na kwa Tanga ambako majani yanaota masika na vuli, badilisha baada ya kila msimu.

Huku Marekani petroli nyingi ina asilimia 10 ya ethanoli, inayovuta unyevu. Mtu anaiacha kwenye tangi majira yote ya baridi, inachacha, inaacha utando kwenye kabureta, Aprili mashine haiwaki. Anaitoa nje barabarani. Nyingi mnazoziona zimetupwa ugonjwa wake ni huo, na kabureta ya nakala ni chini ya dola 30. Mpya yenye magurudumu ya nyuma na injini nzuri inacheza kwenye dola 400 hadi 500, iliyotumika ni kama dola 100 hadi 200, na bei zinashuka kuanzia Septemba. Kwa hiyo mwenye hela ndogo anunue iliyotumika, wakati baridi inakuja.

Lakini ikague. Shika injini kabla hujaivuta: ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, na hutajua kama inaamka ikiwa baridi. Toa kijiti cha oili, kiangalie. Ikiwaka ikatoa moshi wa buluu usiokwisha, achana nayo. Isikilize kwa mikono: ikitetemeka kupita kiasi, huenda kisu kimegonga kisiki na shafti imepinda, na shafti iliyopinda si ya kubembeleza. Kisha vua gurudumu la nyuma. Ndani yake mara nyingi kuna meno ya plastiki yanayoshikana na gia ndogo ya chuma. Niliyomnunulia mjomba, Toro ya inchi 22, gurudumu moja meno yalikuwa mazima yenye makali, la pili yalikuwa yamelika mpaka yamekuwa mviringo kama shanga. Nikapunguziwa bei, nikaagiza jipya.

Ya betri nimeifikiria, maana ni kimya na haina kabureta. Kwa Ohio inafaa ukiwa na hela, kwa sababu betri peke yake ni sehemu kubwa ya bei. Kwa Tanga hapana. Chaja nyingi za huku ni za volti 120, nyumbani umeme ni volti 230, na betri ikifa hakuna fundi wa kuifufua.

Jambo moja la usalama nimelisisitiza kwa mjomba mpaka akacheka. Tangu mwaka 1982 sheria ya hapa inataka kisu kisimame ndani ya sekunde 3 mtu anapoachia wenzo wa mpini. Nimeona watu wanaufunga wenzo huo kwa kamba ili mkono upumzike. Kwenye kiwanja ambacho wajukuu wanakimbia, haiwezekani. Na mteremko unakatwa kwa kuvuka, kushoto kwenda kulia, si kupanda na kushuka, ili mtu akiteleza mguu usikutane na mashine.

Ukoka unapenda kukatwa mfupi, inchi 1 hadi 2, tofauti na nyasi zangu za nchi za baridi ninazoziacha inchi 3 na zaidi. Usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Baada ya kazi, chomoa waya wa plagi, uinamishe mashine upande wa chujio la hewa ukiwa juu ili oili isiingie kwenye kabureta, ukwangue majani, uache pakauke. Chumvi ya Raskazone na majani mabichi vinakula bati upesi.

Mashine inaondoka kwa kontena tunalochangia na wenzangu, kupitia Dar es Salaam. Nimemwaga petroli na oili yote, nikaiwasha mpaka kabureta ikaisha mafuta kabla ya kumwaga oili. Kwenye mfuko wa majani nimeweka kabureta ya akiba, mkanda wa kuendeshea magurudumu, kamba ya kuwashia, machujio mawili ya hewa na kisu kipya. Mjomba ameshaongea na fundi wa Ngamiani aje siku ya kuifungua, amuonyeshe kijana namna ya kupima oili kabla hata ya kuivuta mara ya kwanza.