Mungu Hana Saa ya Ukutani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimegombana na Mungu juu ya muda. Mdogo wangu, yule tunayemwombea aache pombe, alinipigia Jumatano usiku, ulimi mzito, anataka "kitu kidogo tu". Nikakata simu. Ee Bwana, hata lini?

Usingizi ulikataa, nikajikuta nasoma habari za mashimo meusi, yale mambo ya angani yenye mvutano mkubwa mno unaomeza kila kitu kinachovuka mpaka wake. Lile la kwanza kupigwa picha, iliyotolewa Aprili 2019, liko katika galaksi (kundi kubwa la nyota) iitwayo M87. Uzito wake ni kama wa majua bilioni 6.5, na mwanga wa picha ile, kwa mwendo wa kilomita 300,000 kila sekunde, ulisafiri miaka kama milioni 55 ndipo ukafika kwetu. Ukivuka mpaka wa shimo lile hutarudi tena, hata uwe mwanga. Kisha nikafika kwenye habari za saa, nikakaa kitako. Einstein alionyesha kwamba penye mvutano mkubwa muda huenda polepole. Saa iliyo karibu na shimo, sisi wa mbali tungeiona inajikokota, lakini aliyeivaa asingeona kasoro yoyote. Hata saa za setilaiti zinazoongoza ramani ya simu yako, kwa kuwa ziko juu penye mvutano mdogo, hutangulia za huku chini kwa mikrosekunde 38 (sekunde moja ina mikrosekunde milioni) kila siku, na zisiporekebishwa ramani itakupoteza.

Kama viumbe vyenyewe havina saa moja, Muumba tunampimia kwa saa ya nani? Petro alishasema: kwa Bwana siku moja ni kama miaka elfu. Tunaukariri mstari huo, tunaishia hapo. Unaofuata unasema hakawii, bali anavumilia, maana hapendi mtu yeyote apotee. Na mlevi wa kwetu yumo.

Sasa niseme wazi, atakayeudhika aniwie radhi. Haya ya "pokea muujiza wako kabla mwezi haujaisha" yanatuharibu. Mama wa watu anafunga siku saba, anatoa sadaka hadi nauli, siku ya nane mume hajarudi, anaambiwa imani yake haba. Nani alimpangia Mungu tarehe? Watumishi, acheni! Mnawavunja watu moyo, kisha mnawalaumu kwa kuvunjika.

Tuombe bila tarehe, wapendwa. Umechoka, omba. Huna maneno, piga magoti hivyo hivyo, ulie. Na wewe uliyelifuta jina la mtu wako kwenye daftari la maombi, liandike tena leo.