Nimerudi Pangani, nazi iko wapi?

Tangu nitue, simu hazikatiki na swali ni hilo hilo: tukija Pangani tule wapi? Wanaouliza sana ni wenzangu wa Muscat, waliozaliwa kule kule na sasa wanataka kuja Desemba kuuona mji wa babu zao. Nitawaambia. Ila niacheni kwanza nitoe dukuduku langu, maana leo siku ya 11 na bado limenikaa kooni.

Nilishuka kwenye basi la Tanga saa saba mchana. Zile kilomita 50 na ushei zilizokuwa zikitutia matopeni kila masika, sehemu kubwa sasa ni lami, umepiga miayo miwili umefika. Sikwenda nyumbani moja kwa moja, dada'angu anisamehe. Niliburuta sanduku mpaka karibu na kivuko, nikaingia mgahawa wa kwanza uliokuwa unafuka moshi. Miaka 17 nilikuwa nikiipanga sahani hiyo: wali wa nazi, ule ambao punje zake zinang'aa bila kushikana, changu wa mchuzi wa nazi na bamia mbili tatu, ndimu, pilipili iliyopondwa na chumvi. Usiku wa joto kule ugenini nilikuwa naipakua sahani hiyo kichwani mpaka mate yananijaa.

Ikaja sahani. Wali mweupe wa mafuta, unateleza kama sabuni. Maharage. Samaki wa kukaanga, mkavu, aliyezamishwa kwenye rosti ya nyanya. Pembeni, kwa heshima yangu, chipsi chache za bure.

"Binti, mimi nimeagiza wa nazi."

"Baba, wa nazi hatupiki siku hizi. Labda uweke oda toka jana."

"Pangani hii? Oda ya nazi?"

"Nazi moja buku jero, baba. Sahani nikuuzie shilingi ngapi?" Kisha akaniangalia viatu, akanihurumia. "Mgeni, eeh?"

Mgeni! Kitovu changu kimezikwa mitaa mitatu kutoka pale alipokuwa amesimama na sinia lake.

Mnaoujua mji wa zamani mnanielewa. Nazi hatukuwa tukiinunua, tulikuwa tukiiokota. Mtoto wa Pangani alijua kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi kabla hajajua kuhesabu. Jioni ukipita mitaani unasikia mbuzi za nazi zinakuna kila uani, krr krr krr, kama mji mzima unajikuna mgongo. Marehemu mama alikuwa akichuja kwa kifumbu cha ukindu, kasimile, lile tui zito la kwanza, pembeni ya kumalizia mchuzi, tui la pili la kuivishia wali, machicha kwa kuku. Hakuna kilichotupwa. Kifuu kikawa upawa, kumbi likawasha moto.

Kesho yake nilivuka kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, kisha nikampata kijana wa mtumbwi anipandishe juu ya mto nilione shamba la baba. Afadhali nisingekwenda. Minazi iliyokuwa ukingoni imesimama bila vichwa, magogo matupu, mmoja baada ya mwingine, na juu ya kila gogo ndege mmoja anayeota jua. Niliteka maji kwa kiganja, nikaonja. Chumvi. Tulipokuwa wadogo, sehemu ile tulikuwa tukikata kiu.

Wazee wa kijiji walinieleza bila hasira, kama watu waliokwisha kulia. Mto huu unaanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unakusanyika Nyumba ya Mungu, halafu unashuka kilomita mia kadhaa. Njiani kila mmoja anateka chake: mashamba ya umwagiliaji, miji, mabwawa ya umeme. Yanayotufikia huku mwishoni ni mabaki, na mto ukikosa nguvu bahari inaingia ndani. Mnazi unavumilia upepo wa chumvi, lakini mizizi ikikaa kwenye chumvi mwaka hadi mwaka, unakufa wima. Ile iliyobaki bara kidogo inazaa, ila nazi zake zina wateja wenye magari.

Basi ndugu zangu, kula ni hivi.

Ya kwanza na kubwa: Pangani hauingii mgahawani ukachagua. Unaagiza. Asubuhi unamtafuta mama anayepika, unamwambia idadi yenu na mnachotaka, unaacha fedha ya nazi na ya samaki, unarudi mchana. Mkifika watu sita saa nane na njaa zenu za ghafla, mtakula chipsi mayai, na msinipigie simu kulalamika. Mimi mwenyewe nimekula zege hilo la chipsi mayai mara tatu wiki hii, tena kwenye mji ambao mto na bahari vinakutana mlangoni. Sijawahi kuona aibu ya aina ile.

Samaki mkamtafute diko, pale boti zinapotia nanga, alfajiri, si jikoni. Boti zikirudi, wanaosubiri wa kwanza ni wachuuzi wenye maboksi ya barafu. Nguru na kolekole wakubwa wanapimwa hapo hapo na kuondoka kwenda Tanga na kwenye mahoteli. Ukichelewa unakuta vibua. Siwadharau vibua, wakaangwe wakauke na ndimu nyingi, lakini usije ukaambiwa ndio samaki wa Pangani. Ukimwona hongwe au mwatiko wa mtoni, nunua bila kubisha bei sana. Kamba ulizia mvua zikishanyesha. Dagaa ni wa giza, mwezi ukiwa mpevu msitegemee. Na pweza anafuata bamvua, maji yakikupwa sana watu wanashuka mwambani, kwa hiyo supu yake jioni inakuwa nzuri siku hizo na siku nyingine ni maji ya moto yenye pilipili. Desemba mnayotaka kuja upepo unakuwa umegeuka kaskazi na bahari inatulia, hapo mmepiga hesabu nzuri. Wakati wa kusi wavuvi wengine hata hawatoki.

Asubuhi ndiyo saa pekee ambayo mji bado unanijua. Vitumbua vya mlangoni, vya chuma kile kile cheusi, mkate wa kumimina ukimkuta aupikaye, na mbaazi kwa mahamri. Hizo mbaazi nazo ziulizeni kabla ya kukaa: "Za nazi au za maji?" Muuzaji mwaminifu atajibu. Jioni yuko mzee wa kahawa na dele lake na kashata. Kikombe ni kile kile cha kidole gumba na umbea ni ule ule, tofauti sasa kila mmoja anautoa kwenye simu yake. Mkija Ramadhani mchana hamtapata kitu, lakini magharibi mkaribishwe futari nyumbani kwa mtu. Mihogo na magimbi, hapo hata maskini anatafuta nazi.

Watakaopenda historia watapelekwa kwenye boma na majumba ya zamani yaliyopukutika chokaa. Mtaelezwa habari za Abushiri bin Salim aliyewainukia Wajerumani mwaka 1888 na kunyongwa hapa hapa Pangani Desemba 1889. Sijui kama mtaelezwa kuwa alikuwa na shamba la miwa, na kwamba sukari ya bonde hili ilikuwa ikipakiwa majahazini kwenda Unguja. Mji uliokuwa ukiwalisha wengine! Reli ilipoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 biashara ikahama, sisi tukabaki na minazi, kisha mkonge. Sasa daraja la mita 525 linajengwa kuvuka mto, na kila ninayekutana naye ananiambia likikamilika mambo yatakuwa mazuri. Ninachojua mimi, kivuko kinapochelewa ndipo watu wanapokula. Msafiri atakayepita juu ya daraja kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa kitumbua cha nani atanunua?

Kisiwa cha Maziwe mtapelekwa kwa boti. Bebeni chakula, maji na kitu cha kujifunika. Baba yangu alikuwa akikisimulia kama kisiwa chenye mivinje. Mivinje imekwisha, ni fungu la mchanga tu, linalomezwa maji yakijaa, na chakula chenu mtakila chini ya turubai. Ushongo kuna mahoteli ya ufukweni, wanapika vizuri, sina neno nao. Ila mkilala huko msiseme mmekula Pangani.

Sasa hili la mwisho sikutaka kuliandika.

Siku ile ya kwanza, baada ya aibu ya mgahawani, nilifika nyumbani nikamkuta dada ameniandalia. Harufu nikaipata toka barazani. Wali wa nazi! Nikala kama mfungwa aliyeachiwa, nikasifu, nikamwambia mpwa wangu kwamba mkono wa bibi yake haujafa. Akacheka. Akaingia jikoni akarudi na pakiti imekatwa pembe, unga wa nazi, maandishi ya Kiarabu juu.

"Mjomba, si hili unalotuletea?"

Ni kweli. Kila mwaka kabla ya Ramadhani nilikuwa nafunga boksi: blanketi, maziwa ya unga, tende, na zile pakiti, nikidhani nawapumzisha mikono. Nilikuwa nimesafiri na pakiti ile ile kwenye sanduku nililoliburuta kivukoni.

"Mbuzi iko wapi?" nikauliza.

Ilikuwa inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Meno yake yamekula kutu, mguu mmoja umefungwa kamba ya katani. Asubuhi nikaenda sokoni nikanunua nazi 2 kwa shilingi 3,000, nikaisugua mbuzi kwa mchanga, nikaikalia uani. Ya kwanza ilinikata kidole gumba. Ya pili ilitoka mabongemabonge, mpwa wangu ananipiga video awatumie wenzake na kicheko chake kinasikika humo. Kifumbu hakuna tena, tulichuja kwa chujio la chai.

Dada akaonja wali ule, akatafuna taratibu, akanitazama kidole kilichofungwa kitambaa.

"Mtamu," akasema. "Ila la pakiti ni zito zaidi."