Dakika kumi tu, nguvu zinakwisha

Mwezi wa sita, upepo wa kusini ukishaanza, Ziwa Nyasa halina utani. Asubuhi ile nilitoka Ikombe na mzigo wa vyungu vya akina mama wa Kikisi, vya soko la Jumamosi pale Lyulilo, na wenyewe wanne ndani ya boti. Mashine yangu ni ya farasi 15, silinda mbili, zile za kuchanganya petroli na oili. Iliwaka kwa kamba moja. Tukaenda vizuri kama dakika kumi, kisha sauti ikaanza kushuka yenyewe, wala sijapunguza moto. Nikiiachia taratibu, inatulia. Nikiongeza, inalegea kama mtu anayesinzia. Tulifika kwa kusaidiwa na kasia. Mama mmoja akanitazama, akasema, "Mwanangu, wiki ijayo sisi tunapita kwa miguu."

Lawama ya kwanza nilimpa muuza petroli. Pale ufukweni anauza kwa chupa za maji, na nilimwambia mbele za watu kwamba ameongeza maji. Nikachukua chupa yake moja kama ushahidi, nikaiacha imetulia mpaka jioni. Maji ni mazito kuliko petroli, yangekaa chini na mstari ungeonekana. Hakukuwa na mstari. Nikanyamaza tu.

Nikafungua plagi. Zote mbili zilikuwa kavu, ncha zake nyeupe nyeupe. Leo najua kwamba zilikuwa zinanieleza kila kitu: plagi ikiloa, petroli inafika ila haiungui, ikiwa kavu na kupauka, petroli haitoshi. Siku ile niliona plagi zimezeeka, nikaenda Kyela mjini kununua mpya. Hazikubadilisha kitu. Nikamwita fundi, akashusha kabureta, akapuliza jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli, tukaiwasha ndani ya pipa la maji. Ikaunguruma vizuri sana, akalipwa, akaondoka. Sasa ndani ya pipa nani anavuta moto wote kwa dakika kumi? Mashine ikienda polepole inakunywa kidogo, kwa hiyo tatizo langu lilijificha.

Kilichoniumiza kichwa zaidi ni kwamba mashine za aina hii hupata oili ndani ya petroli yenyewe. Mimi naweka mililita 400 kwa dumu la lita 20. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua, na ukiendelea kuikamua hivyo pistoni inaweza kukwama. Kwa hiyo kila nilipoizidishia moto ili "izibuke", nilikuwa naiua.

Jumatatu nikaingia majini na mpwa wangu, bila mzigo. Nguvu zilipoanza kushuka, nikamwambia abinye kile kibofu cha mpira kilicho katikati ya mpira wa mafuta. Akakishika, akacheka.

"Mjomba, hiki mbona kimebonyea?"

Nikageuka. Kibofu kilikuwa kimejikunja, pande mbili zimegusana, kama embe lililofyonzwa likabaki ngozi. Nikaelewa hapo hapo kwamba mashine inavuta kwa nguvu zake zote, ila kuna kitu nyuma ya kibofu kinakataa kuachia. Kama ni pampu ya mafuta imechoka, kibofu kisingefyonzwa namna ile. Nyuma yake kuna mpira na tangi, basi.

Nikalegeza mfuniko wa tangi. Fyuuu! Hewa ikaingia ndani kwa mluzi, kibofu kikajaza taratibu, na mashine ikapokea moto kama siku niliyoinunua.

Kwenye mfuniko kuna skrubu ndogo ya kupitisha hewa, ili petroli ikitoka hewa ishike nafasi yake. Mimi huifungua kila safari. Hata siku ile ya vyungu niliifungua. Tulipofika nchi kavu nikaugeuza mfuniko juani. Katika kile kitundu, upana wa kijiti cha kiberiti, kulikuwa na tope gumu la rangi ya udongo wa Kyela, limesawazishwa vizuri kama plasta. Nyigu! Masika yote tangi lilikaa kwenye banda la kuni, na yeye akaona amepata nyumba. Nililichokoa kwa spoku ya baiskeli, mfuniko ukiwa mkononi ili uchafu usiingie ndani, nikausuuza kwa petroli kidogo.

Siku hizi tangi likipumzika nalifunga kitambaa juu. Na nikisikia nguvu zinashuka, mkono unaenda kwenye kibofu kwanza, kisha kwenye mfuniko, kabla sijagusa spana.

Kwa muuza petroli nilikwenda na chungu kimoja cha Ikombe, nikamwomba radhi pale pale nilipomsemea, mbele ya watu. Akakipokea, akakigonga kwa kidole kusikiliza kama kina ufa.

"Ndaga, kaka," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa. "Na ile chupa yangu ya ushahidi, utailipa lini?"