Jinsi mkoba wa mchanga ulivyonichagulia darubini

Boksi la darubini yangu ya kwanza lilikuwa na namba iliyoandikwa kwa herufi nene kuliko kitu kingine chochote: 525. Inakuza mara 525! Chini yake, picha ya Zohali na pete zake, rangi ya dhahabu, imeenea upande hadi upande. Muuzaji akanihakikishia, "Dada, hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapa." Nikalipa, nikarudi nyumbani nimeikumbatia.

Nausimulia usiku ule kwa kirefu kwa sababu najua muda huu kuna mtu kasimama dukani kashika boksi kama lile.

Ilikuwa darubini ya lenzi, bomba refu jembamba, lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 60, imekaa juu ya stendi ya miguu mitatu ya bati laini. Nilikuwa na mtoto wa kaka yangu, miaka tisa, aliyekataa kulala mpaka aone nyota. Tulianza na Mwezi, na hapo nakiri tulifurahi kweli. Mashimo ya Mwezi yanaonekana hata kwa darubini dhaifu. Tukahamia Mshtarii, yaani sayari ya Jupita. Kwa lenzi ya jicho, ile ndogo unayochungulia, ya milimita 20 tukaona kiduara cheupe, na pembeni yake vinukta vimejipanga mstari. Tungeishia hapo tungelala na furaha. Lakini hiyo ni mara 35 tu, na mimi nililipia 525. Nikachomoa ile lenzi, nikaweka ya milimita 4 pamoja na ile ya nyongeza inayozidisha mara tatu.

Giza. Nikasogeza bomba kulia, nikasogeza kushoto, giza tupu. Ilichukua karibu nusu saa Mshtarii kuingia, na ilipoingia ilikuwa doa lililofifia, linatetemeka kama taa iliyozama ndani ya maji. Nikagusa gurudumu la kurekebisha picha ili nilisafishe, doa likaanza kurukaruka. Nikaondoa mkono nikahesabu: moja, mbili, tatu. Nilifika sita ndipo likatulia. Nikampisha mtoto. Akainama, akafumba jicho moja, na kabla hajakaza la pili akainua kichwa: "Shangazi, imetoroka!" Nikaitafuta, nikampisha, imetoroka tena. Mara ya nne hakungoja, aliingia ndani akalala.

Kilichoitorosha ni Dunia yenyewe. Inazunguka nyuzi 15 kila saa, na kadiri unavyokuza ndivyo kipande cha anga unachokiona kinavyozidi kuwa kidogo. Kwa mara 525, sayari inakatiza mbele ya jicho lako kwa kama sekunde 20 tu, na sekunde sita kati ya hizo stendi yangu ilikuwa bado inatikisika.

Asubuhi nilikaa na kalamu. Ukuzaji unapatikana kwa kugawanya umbali wa fokasi wa darubini, yaani umbali ambao mwanga husafiri mpaka ukutane pamoja, kwa ule wa lenzi ya jicho, ndiyo milimita zilizoandikwa juu yake. Bomba langu lilikuwa na milimita 700; gawa kwa 4 upate 175, zidisha kwa 3, hiyo hapo 525. Kwa hesabu wako sahihi. Wasichokuambia ni kwamba darubini ina kikomo, na kikomo hicho kinatokana na upana wa lenzi ya mbele, au wa kioo kikuu kwa darubini zinazotumia kioo badala ya lenzi: chukua kipenyo kwa milimita, zidisha kwa mbili. Yangu ya 60 isingevuka 120 hata mbingu ingekuwa safi namna gani. Kuanzia hapo unapanua ukungu tu. Galileo alipoiona miezi minne ya Mshtarii Januari 1610, darubini yake ilikuza kama mara 20. Ishirini! Hili linanikera mpaka leo, kwa sababu watoto wengi wanaamini anga ni doa linalotetemeka na wanaachana nalo usiku wa kwanza.

Kama tayari unayo darubini ya namna hiyo, usiitupe. Funga chupa ya maji ya lita mbili katikati ya stendi ining'inie kati ya miguu, na usizirefushe fimbo za miguu mpaka mwisho. Hesabu yangu ilishuka kutoka sita hadi tatu. Na tumia lenzi ya jicho yenye namba kubwa, siyo ndogo.

Basi nikaanza kuuliza watu. Ushauri mmoja ulitoka kwa bwana anayeijua anga vizuri, na alisema bila kusita: kioo cha milimita 200 cha aina ya Dobson, ukichukua kidogo utajuta. Kwa upande wa mwanga hakukosea. Kazi ya darubini ni kukusanya mwanga kwanza, kukuza baadaye. Na aina hii ya Dobson ni jambo la kushukuru: John Dobson, aliyekuwa mtawa huko San Francisco, aliwaonyesha watu wa kawaida kwamba kioo kikubwa kinaweza kukaa ndani ya boksi rahisi la mbao linalozunguka kwa kusukumwa na mkono, akawa anaiweka darubini yake njiani wapita njia watazame bure. Hela yako inaenda kwenye kioo badala ya kwenye magurudumu na vyuma. Ila darubini ya 200 ya namna hiyo, ukijumlisha na boksi lake, inavuka kilo 20, na mimi nakaa ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Uwanja wenye giza uko mwendo wa robo saa kwa miguu.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ninachojivunia kuliko vyote. Nilijaza mchanga kwenye mikoba miwili ifike kilo 20, nikaipima kwenye mizani, na saa mbili usiku nikaanza safari kana kwamba naenda kutazama nyota. Ngazi nilishuka. Uwanjani nilifika, vidole vimekufa ganzi kwa kamba za mkoba, mabega yanawaka. Nikakaa saa nzima kama ambavyo ningekaa na darubini, kisha nikarudi. Ghorofa ya pili niliweka mikoba chini na kujiuliza: kesho, baada ya kazi, nikiwa nimechoka, na mawingu yanakuja yanaondoka, nitarudia hii? Jibu nililijua. Usiku uliofuata nikapunguza hadi kilo 12, mkoba mmoja mgongoni. Nilifika, ila nilitamani kurudi mapema. Usiku wa tatu kilo 6. Nilipanda ngazi za kurudi bila kusimama, na mkono mmoja ulikuwa huru kushika tochi.

Kilo 6, basi. Swali likabaki moja: ndani ya kilo hizo, kioo gani kipana kuliko vyote? Watu wengi huchagua darubini kwanza halafu wanatafuta namna ya kuibeba. Mimi nakuomba uanze na mgongo wako.

Zilibaki mbili. Moja ilikuwa Maksutov, aina inayotumia lenzi na kioo pamoja, ya milimita 90, kabomba kafupi kanene, nzuri sana kwa Mwezi na sayari. Nyingine ilikuwa Dobson ya mezani yenye kioo cha milimita 130, ile Sky-Watcher Heritage 130P, ambayo sehemu ya mbele ya bomba hurudishwa ndani ikawa fupi ya kuingia kwenye mkoba. Kilichoamua ni Kilimia, kile kikundi cha nyota zilizosongamana. Kilimia kimetanda karibu nyuzi mbili za anga, upana wa Miezi mipevu minne iliyopangwa mstari. Maksutov ya fokasi ya 1250, kwa lenzi ya jicho ya 25, inakuza mara 50 na inakikata Kilimia pembeni. Ile ya 130 ina fokasi ya 650. Kwa lenzi hiyo hiyo inakuza mara 26, na Kilimia kinaingia. Tena kioo cha 130 kinakusanya mwanga zaidi ya mara nne ya ule wa lenzi yangu ya 60. Niliipata kwa mtu aliyeitumia mwaka mmoja, kwa bei isiyofika mara mbili ya niliyotoa kwa ile ya kwanza.

Kununua iliyotumika kusikutishe. Ukimulika kioo kwa tochi utaona vumbi mpaka utake kulia, liache. Kuna aliyenishauri nikifute kwa kitambaa laini kila wiki. Usithubutu! Tabaka linaloakisi liko juu ya kioo, siyo nyuma yake kama kioo cha kujitazamia, na kitambaa chenye chembe moja ya mchanga kinachora mikwaruzo isiyotoka. Jihadhari zaidi na darubini za kioo ambazo jicho huwekwa ubavuni kwa mbele, bomba lina nusu mita tu, lakini maandishi yanasema fokasi ni milimita 1000. Wameficha lenzi ndani ya mdomo wa kuwekea jicho ili kurefusha fokasi, na zile za bei nafuu picha yake haisafishiki na kuvipanga vioo ni mateso.

Ya mezani inataka meza, na uwanjani meza hamna. Nilijaribu ndoo iliyopinduliwa, ikayumba. Kigoda cha miguu mitatu kikamaliza kesi, kwa sababu miguu mitatu hukaa imara hata ardhi ikiwa na mabonde. Kwa kuwa bomba lake liko wazi katikati, nimelizungushia mkeka mweusi mwepesi wa mazoezi, nikaufunga kwa mpira, taa za mbali zisiingie. Kitafutio, kile kifaa kidogo cha kulengea kilicho kwenye bomba, nilikilinganisha mchana kwa kulenga ncha ya mnara wa mbali, Jua likiwa mgongoni. Darubini usiielekeze kwenye Jua kamwe bila kichujio chake maalumu mbele ya bomba. Sekunde moja inatosha kupofusha.

Usiku wa kwanza nilimchukua tena mtoto wa kaka yangu. Hakuwa na hamu sana, alikuja kwa sababu nilimbembeleza. Tuliiacha darubini nje nusu saa kioo kipoe kilingane na hewa, taa zote zimezimwa, macho yazoee giza. Nikaweka lenzi ya milimita 10, mara 65, nikalenga Zohali, nikasogea.

Ilikuwa ndogo kama shanga, rangi ya siagi, na pete imeizunguka ikiwa imejitenga nayo, kwa wembamba na usafi ambao ile picha ya boksi haikuwa nao. Pembeni kidogo kulikuwa na nukta moja, Titani, mmoja wa miezi yake. Nikampisha. Akainama, akanyamaza kwa muda mrefu. Niliona Zohali inakaribia kumtoka, nikanyoosha mkono kusukuma bomba, lakini kidole chake kilishafika, kikalisogeza taratibu kuifuata.

"Usiiguse, shangazi," akasema. "Ninayo."